Mradi wa upishi wa 4-H Marekani: vipimo safi, mboga zimeachwa nyuma

Mzazi anayetafuta mahali pa kumfundishia kijana wake kupika nchini Marekani, mbali na jiko la nyumbani, mara nyingi ataelekezwa kwenye klabu ya vijana ya 4-H ya kaunti yake. Klabu hizi zimeenea karibu kila kaunti, ada yake ni ndogo ukilinganisha na madarasa binafsi ya upishi, na mradi wa chakula na lishe ni kati ya miradi yake mikongwe. Tathmini hii inaangalia mradi huo unafundisha nini hasa, umeiva wapi, una walakini wapi, na nyumba inayopika ugali, wali na maharage itaufaidi vipi.

Kwa kifupi, mwandikishe. Kwa usafi wa chakula, vipimo na nidhamu ya kuweka kumbukumbu, si rahisi kupata kitu bora kwa gharama hiyo. Kwa lishe yenyewe mradi unachechemea, na kosa si la vitabu wala walezi wa klabu. Kosa liko kwenye meza ya maonyesho, kama tutakavyoeleza.

4-H huendeshwa na idara za ugani za vyuo vikuu vya majimbo: Ohio State, University of Kentucky, Iowa State, Texas A&M na vinginevyo. Msomaji aliyepitia klabu za 4-K za Kenya, zile za Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya zilizofufuliwa mwaka 2021, atautambua mfumo huu haraka, maana 4-K ilifuata mfano wake. H nne za Kiingereza zinasimamia kichwa, moyo, mikono na afya. Chimbuko lake huhesabiwa kuanzia 1902, A. B. Graham alipoanzisha klabu ya vijana katika Kaunti ya Clark, Ohio. Mwaka 1910 mwalimu Marie Cromer wa Aiken, South Carolina, aliwakusanya wasichana, kila mmoja akalima nyanya kwenye sehemu ya kumi ya ekari, kisha wakazihifadhi kwenye makopo na kuziuza. Sheria ya Smith-Lever ya 1914 ndiyo iliyoupa ugani mfumo wa kitaifa. Kwa hiyo jiko halikuongezwa baadaye ili kuwafurahisha watoto. Lilikuwamo tangu siku za nyanya.

Watoto wa miaka 5 hadi 7 huwekwa kundi lao, Cloverbuds, lisilo na mashindano. Miradi kamili ni ya miaka 8 hadi 18.

Mtaala unaotumika katika majimbo mengi una ngazi nne. Ya kwanza inamfundisha mtoto kusoma maelekezo yote ya pishi kabla hajagusa chombo, kunawa mikono kwa sekunde 20, kupima, kukata na kuoka vitu vyepesi. Ya pili inaingia kwenye mikate isiyo na hamira, kama mkate wa ndizi. Ya tatu ni hamira: mikate midogo ya mezani, mkate mzima, mikate mitamu ya kuviringisha. Ya nne inadai mkono uliokomaa: focaccia (mkate bapa wa Kiitaliano), mkate wa Kifaransa, challah (mkate wa Kiyahudi) iliyosukwa, ganda la pai, keki ya sponji. Mtoto haruki ngazi kwa sababu ya umri tu. Kijana wa miaka 14 ambaye hajawahi kushika kikombe cha kupimia anaanzia chini, na mlezi mzuri wa klabu atamwambia hivyo bila kumwonea haya.

Vipimo ndiyo sehemu tunayoisifu kuliko zote. Kikombe cha Kimarekani ni mililita 240 hivi, kijiko cha chakula ni 15, cha chai ni 5. Kikombe cha chai cha nyumbani na kijiko cha kukorogea sukari havihesabiki. Mtoto hufundishwa kuwa kimiminika hupimwa kwenye jagi la kioo au plastiki lenye mistari, likiwa limekaa mezani, yeye akiinama mpaka jicho lilingane na mstari. Akiliinua mkononi na kutazama kutoka juu, atasoma kipimo kisicho sahihi. Sukari ya kahawia hushindiliwa. Unga haushindiliwi kamwe: huchotwa kwa kijiko, ukamiminwa kwenye kikombe hadi ufurike, kisha ukasawazishwa kwa mgongo ulionyooka wa kisu.

Tofauti si ndogo. Kikombe kilichojazwa kwa kijiko hubeba gramu 120 hadi 125 za unga wa ngano. Mtoto akikizamisha kikombe ndani ya mfuko na kukandamiza, kitabeba gramu 150 au zaidi. Kwa pishi la vikombe 2 ameshaongeza gramu 50, na keki itatoka kavu, imepasuka juu, yeye akiilaumu oveni. Hapa tuna lawama moja kwa mtaala: umeng'ang'ania vikombe wakati mizani ya kidijitali ya jikoni imeshakuwa kitu cha bei nafuu. Nunua mizani, mfundishe mtoto kupima kwa njia zote mbili, aone mwenyewe namba zinavyopishana.

Zoezi bora la ngazi za chini ni mafini, ile keki ndogo ya kikombe, kwa sababu haifichi kosa. Vitu vikavu huchanganywa bakuli moja, vya majimaji bakuli jingine, kisha katikati ya unga hufanywa shimo na maji yote kumiminwa humo kwa mara moja. Unakoroga mara 15 hadi 20 tu kwa mwiko, unaacha mara unga unapolowa. Mabonge madogo yabaki. Oveni iwe tayari na joto la nyuzi 400 za Fahrenheit, yaani karibu 200 za Selsiasi, na vikombe vya trei vijae theluthi mbili. Mtoto aliyezoea kumwona mama akipiga donge la mandazi mpaka liwe laini ataendelea kukoroga, na hapo ndipo anapoharibu. Kukoroga kunajenga gluteni, zile nyuzi za protini ya ngano. Nyuzi zikikaza, gesi ya bekingi pauda inakosa pa kutawanyika, inajichimbia njia kwenda juu. Mafini inatoka na kichwa kilichochongoka, na ukiipasua unakuta mahandaki marefu ndani. Jaji wa maonyesho ataipasua hivyo hivyo, hata kabla ya kuionja.

Kwenye hamira mambo yanageuka: huko gluteni ndiyo inayotafutwa. Maji ya kuloweshea hamira kavu ya kawaida yawe kati ya nyuzi 105 na 115 za Fahrenheit (40 hadi 46 za Selsiasi). Yakiwa baridi hamira inachelewa kuamka, na yakikaribia 140 (60 za Selsiasi) inakufa. Donge hukandwa dakika 8 hadi 10, likaachwa mpaka liumuke mara mbili. Kipimo cha kuumuka ni kuchovya vidole viwili: vishimo vikibaki, tayari. Mkate umeiva ndani ukifika nyuzi 190 hadi 200 (88 hadi 93), na namba hiyo ni ya kuaminika kuliko kuugonga kitako na kusikiliza. Watoto wa familia za Kiswahili huwa na mwanzo mzuri hapa, kwa kuwa donge la mandazi au mahamri wameshalishika. Kinachowashinda ni subira ya oveni. Mafuta ya moto yanasamehe donge lisiloumuka vizuri. Oveni haisamehi.

Kuna jambo ambalo wazazi Waislamu hawaambiwi mapema. Ngazi ya kwanza hupenda vitafunio vya nafaka za kifungua kinywa vilivyogandishwa kwa mashimelo (peremende laini za sukari), na orodha za maonyesho za Illinois zimewahi kuviweka kama chaguo la ngazi hiyo. Mashimelo hugandishwa kwa jelatini, na ile ya madukani kwa kawaida hutokana na nguruwe. Yapo mashimelo ya halali yenye jelatini ya ng'ombe au samaki, lakini si lazima kuhangaika, kwa sababu orodha hiyo hiyo imekuwa na chaguo jingine, robo ya keki ya kunywea kahawa. Vanila halisi, kwa kanuni za Marekani, ina alkoholi isiyopungua asilimia 35, hivyo asiyeitaka atumie vanila ya unga au ya kuiga isiyo na alkoholi, akishasoma lebo. Ganda la pai katika ngazi ya nne linaweza kupikwa kwa mafuta ya mimea badala ya mafuta ya nguruwe. Haya yote mlezi atayakubali bila ubishi ukimwambia siku ya kwanza. Ukimwambia mtoto akiwa amesimama mbele ya bakuli, umechelewa.

Usalama wa chakula, kwa maoni yetu, ndiyo sababu tosha ya kujiunga. Kuku aive hadi nyuzi 165 za Fahrenheit (74 za Selsiasi), nyama ya kusaga 160 (71), vipande vizima vya ng'ombe au mbuzi 145 (63) kisha vitulie dakika 3. Kipimajoto huchomekwa sehemu nene kabisa bila kugusa mfupa, maana mfupa una joto lake na utadanganya. Kipimajoto chenyewe hujaribiwa kwa glasi iliyojaa barafu na maji kidogo: kisome 32, yaani sifuri ya Selsiasi. Kisiposoma hivyo, kirekebishwe au kitupwe.

Mgongano na nyumbani utatokea kwenye kuku. Mtoto atarudi akisema kuku mbichi haoshwi, na bibi yake atashangaa. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashikilia hivyo kwa sababu maji ya bomba yanarusha bakteria kwenye sinki, kaunta na kachumbari iliyo pembeni, wakati joto la 165 linawaua wote bila msaada wa bomba. Mwafaka upo. Mfute kuku kwa karatasi ya jikoni na kuitupa papo hapo. Kama harufu ndiyo inayosumbua, kamua limau au mimina siki kwenye bakuli lenye kuku, mgeuze humo humo, mwaga taratibu, mpike bila kusuuza. Baadaye sinki na bakuli vioshwe kwa sabuni na maji moto.

Somo la pili litakalogusa nyumba ni kiporo. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, au saa 1 ikiwa joto la mahali limepita nyuzi 90 (32 za Selsiasi). Wali na pilau ndivyo vinavyohitaji ukali huu zaidi, kwa sababu mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukilala juu ya jiko huchipua na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Sufuria kubwa haiingizwi friji nzima nzima, maana katikati yake itakaa vuguvugu kwa saa nyingi. Gawa kwenye vyombo vifupi, kina kisizidi sentimita 5, viingie friji. Kesho yake pasha hadi 165. Kijana wa miaka 12 aliyelielewa hili anaweza kuachiwa chakula cha wadogo zake bila wasiwasi, na hiyo ni faida ambayo hakuna utepe wa maonyesho unaoifikia.

Lakini sheria hiyo hiyo ya usalama ndiyo inayoupindisha mradi. Mwaka wa klabu hukamilika kwenye maonyesho ya kaunti, ambako kazi za watoto hukaa mezani kwa siku kadhaa, wakati wa kiangazi, bila friji. Kitu chochote kinachoharibika kati ya nyuzi 40 na 140 (4 hadi 60 za Selsiasi) hakiruhusiwi: krimu, kastadi, jibini laini, nyama, mboga zilizopikwa. Kinachobaki? Biskuti, keki, mikate, peremende, jamu na matunda makavu. Mtoto anajua hakimu ataona nini, mlezi anajua, na vikao vyote vya majira ya kuchipua vinaelekea huko. Tunaweza kumpata kijana mwenye miaka minne kwenye mradi, stadi wa ganda la pai, ambaye hajawahi kupika mboga za majani mbele ya mlezi wake.

Vitabu vyenyewe vina somo la lishe na si baya. Vingi vimejengwa juu ya sahani ya MyPlate ambayo Wizara ya Kilimo iliitoa mwaka 2011 badala ya piramidi ya chakula ya zamani: nusu ya sahani ni mboga na matunda, robo nafaka, robo protini, na maziwa pembeni. Maharage na dengu vinaweza kuhesabiwa upande wa protini au wa mboga. Mtoto wa nyumba ya Kiafrika anaweza kulitumia hili palepale, kwa sharti la kuwa mkweli kuhusu ugali. Ugali ni robo ya nafaka. Katika sahani nyingi tunazozijua unachukua nusu na ushei, sukuma wiki ikakaa ukingoni kama pambo. Kazi nzuri ya mradi ni kupima ugali huo kwa kikombe siku moja, kisha kuongeza mboga mpaka nusu ijae. Majani ya collard ya supermaketi yanafanya kazi ya sukuma bila tatizo: kata membamba, kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, majani yaingie mwisho, dakika 5 hadi 7 bila kufunika ili rangi isififie.

Kusoma lebo nako kunafundishwa vizuri. Kanuni ni nyepesi: asilimia 5 ya mahitaji ya siku au chini yake ni kidogo, 20 au zaidi ni nyingi. Sukari gramu 4 ni sawa na kijiko kimoja cha chai. Kopo la soda la aunsi 12 lenye gramu 39 ni karibu vijiko 10, na mtoto akivimimina kimoja kimoja kwenye glasi tupu mbele ya wenzake, hakuna hotuba itakayohitajika. (Chai ya maziwa ya nyumbani nayo ipimwe kwa mtindo huohuo. Wenye chai wasikimbie.) Kinachosikitisha ni kwamba wiki inayofuata kundi lilelile litaoka keki yenye kikombe kizima cha sukari, na hakuna atakayeunganisha masomo mawili. Dawa ni rahisi na ipo mikononi mwa mlezi: kila pishi la kuoka liandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na vijiko vya sukari kwa kila kipande. Baadhi ya watoto watapunguza robo ya sukari kwenye mafini wenyewe, na mafini haitadhurika. Biskuti itadhurika kidogo, kwa kuwa sukari ndiyo inayoifanya itandae na kukatika kwa mlio. Huo nao ni ujuzi.

Kuhifadhi chakula ni mradi wa jirani, na kwa kijana wa miaka 12 na kuendelea tunauona kuwa wa maana kuliko keki zote. Humo ndimo sayansi inapokuwa kali. Chakula chenye pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu unapanda) ya 4.6 au chini yake, kama jamu ya matunda, huhifadhiwa kwa chupa kuzamishwa kwenye maji yanayochemka. Kilicho juu ya hapo, yaani maharage, mahindi, mboga na nyama, lazima kipite kwenye mtambo wa shinikizo unaofika nyuzi 240 za Fahrenheit (116 za Selsiasi), kwa sababu mbegu za Clostridium botulinum haziuawi na maji ya 212 (100 za Selsiasi) hata ukichemsha kwa saa kadhaa. Sufuria ya presha ya kupikia makande si mbadala wake. Nyanya ziko mpakani, ndiyo maana kila chupa ya painti moja (karibu nusu lita) huongezwa kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau ya chupa, na ya kwati moja (karibu lita moja) vijiko viwili. Limau la chupa, kwa kuwa uchachu wake umesawazishwa kiwandani. Uchachu wa limau la kukamua mwenyewe hubadilika. Anayeishi juu ya futi 1,000 kutoka usawa wa bahari huongeza muda au shinikizo.

Waamuzi wa sehemu hii hudai chupa iambatane na karatasi: pishi limetoka wapi, mbinu gani, dakika ngapi. Jamu nzuri kuliko zote isiyo na karatasi hiyo, au iliyofuata njia ya familia ambayo haijapimwa maabara, huondolewa. Achari ya embe ya bibi inaangukia hapo. Ipikwe nyumbani, iwekwe friji, isipelekwe mashindanoni. Baadhi ya wazazi huona ni dharau kwa mapishi yao. Si dharau, hata pishi la Mmarekani la kurithi kwa bibi yake linaondolewa vivyo hivyo.

Kama jimbo lako lina mashindano ya kupika papo kwa papo, yachague kabla ya maonyesho ya meza. Texas inaongoza kwa Food Challenge yake: timu ya vijana 3 hadi 5 hupewa viungo bila pishi, ikapata dakika 40 za kupika na kuandaa maelezo, kisha ikasimama mbele ya waamuzi kueleza imepika nini, kina lishe gani, kimegharimu kiasi gani kwa mlo na usalama umezingatiwaje. Hapa chakula ni cha moto, mboga zinaingia, na hakuna anayehitaji kitu kikae mezani siku tatu. Kijana aliyezoea kutazama nyumbani chakula kikipikwa kwa makadirio ya macho huwa mwepesi hapa kuliko yule aliyekariri pishi. Anachopungukiwa ni ulimi wa kueleza. Timu ikigawana kazi vibaya, wote hukatakata na hakuna anayehesabu gharama, na dakika ya 35 hufika karatasi ikiwa tupu. Mtu mmoja asishike kisu kabisa, aandike.

Hesabu ya gharama ndiyo roho ya daftari la kumbukumbu, kitu ambacho watoto hukichukia na wazazi hukidharau. Mfano mwepesi ni maharage. Ratili moja ya maharage makavu ni vikombe 2, na ikiiva inatoa vikombe 6 hivi. Kopo la aunsi 15 likichujwa linatoa kikombe kimoja na nusu. Kwa hiyo ratili moja ni sawa na makopo manne. Mtoto aandike bei za duka lake, agawanye, aongeze saa za kuchemsha, aamue mwenyewe. Kwa maharage mekundu kuna onyo la ziada: yana lektini, aina ya protini yenye sumu, na sufuria ya umeme ya joto la polepole haifiki joto la kuiharibu. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inashauri kuloweka angalau saa 5, kumwaga maji, kisha kuchemsha kwa maji mapya dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Jikoni kwetu yanachemshwa vya kutosha siku zote. Hatari iko kwa kijana aliyeona pishi la mtandaoni.

Utoaji alama nao ueleweke. Majimbo mengi hutumia utepe wa buluu, mwekundu na mweupe, na kila kazi hupimwa kwa kiwango kilichowekwa, haishindanishwi na ya mwenzake. Watoto kumi wanaweza kupata buluu. Mahali pengine mtoto huketi uso kwa uso na mwamuzi na kuulizwa: kwa nini umetumia bekingi soda na si pauda, ungebadilisha nini, mkate huu ungekula na nini ili mlo ukamilike? Mtoto aliyelelewa asimkodolee macho mkubwa huinamisha kichwa na kujibu kwa neno moja, na mwamuzi asiyejua adabu hiyo huandika kwamba hajajiandaa. Mzoezeni nyumbani. Aeleze pishi lake kwa sauti kwa dakika mbili, kwa Kiingereza, akitazama mtu usoni. Vitabu vya mradi ni vya Kiingereza, vichache vya Kihispania, kwa hiyo msamiati wa jikoni wa lugha hiyo ataupata humo humo.

Familia yenye kipato kidogo iulize pia kwenye ofisi ya ugani ya kaunti kuhusu EFNEP, programu ya lishe ya ugani iliyoanza 1969. Ni ya bure, ina masomo ya watu wazima na ya vijana, na inakwenda moja kwa moja kwenye bajeti, mboga na usalama bila kupitia keki. Ikiwa kaunti yako inayo, mama anaweza kusoma huku na mtoto kule.

Kabla ya kulipa ada, muulize mlezi vikao vingapi vya mwaka ni vya kupika chakula cha moto, jiko la kufundishia liko wapi na lina majiko mangapi kwa watoto wangapi. Jiko moja kwa watoto 15 maana yake wawili wanapika na 13 wanatazama. Uliza nani hununua viungo, kwa kuwa klabu nyingine humwachia kila mzazi, na mwaka mzima wa siagi si mchezo. Majimbo mengi huanza mwaka wa mradi kati ya Septemba na Oktoba, na fomu za maonyesho hufungwa wiki kadhaa kabla ya kiangazi, kwa hiyo anayejiunga Mei amekwisha kukosa. Vifaa vya kununua kabla ya kikao cha kwanza ni kipimajoto cha kuchomeka, seti ya vikombe na vijiko vya kupimia, jagi la mistari na mbao mbili za kukatia, moja ya nyama na moja ya mboga. Trei za mafini na mashine ya kukorogea visubiri mpaka uone mtoto anaendelea.